Mashine Nne za Kushtua Moyo Mikononi mwa Wasio Madaktari

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha huduma ya kwanza kwa watu wasiosomea udaktari: walimu, walinzi, makarani, mafundi na waangalizi wa mabwawa ya kuogelea. Katika kila darasa humkabidhi mmoja wao mashine ya mazoezi ya kushtua moyo, yaani ile inayofanana na mashine halisi kwa sura na sauti lakini haitoi umeme, nikamwonyesha mwanasesere aliyelala sakafuni akiwa amefungwa vifungo vyote vya shati, kisha nikaanza kuhesabu muda bila kumweleza lolote. Ninachopima ni sekunde zinazopita tangu anapoishika mashine hadi inapomwamuru abonyeze kitufe cha mshtuko. Zaidi ya hapo ninapima jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni muda ambao kifua cha mgonjwa kimeachwa bila mikono juu yake. Tathmini ninayoitoa hapa imetokana na mazoea hayo. Sitataja wastani wa sekunde kwa kuwa madarasa yangu si utafiti, lakini nimeyaona makosa yale yale yakirudiwa na watu wengi kiasi cha kutosha kusema ni mashine ipi inayoyazuia na ipi inayoyaruhusu.

Mashine zenyewe ni HeartStart FRx ya Philips, samaritan PAD 500P ya HeartSine, AED Plus ya ZOLL na LIFEPAK CR2 ya Physio-Control, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Stryker. Zote ni difibrileta za otomatiki: husoma mapigo zenyewe, huamua zenyewe kama mshtuko unahitajika, na humwongoza mtumiaji kwa sauti hatua kwa hatua.

Mashine haiwezi kuhukumiwa na mtu asiyejua inachotibu, kwa hiyo inafaa nieleze kwanza ugonjwa wenyewe. Moyo kusimama ghafla si sawa na shambulio la moyo. Katika shambulio la moyo, mshipa unaoulisha msuli wa moyo huziba, na kwa kawaida mgonjwa huwa na fahamu, hulalamikia maumivu ya kifua, hutokwa jasho na anaweza kujieleza. Moyo unaposimama, mtu huanguka na kupoteza fahamu, haitikii akiitwa, na ama hapumui kabisa au hutweta kwa pumzi chache zilizoachana zinazofanana na mkoromo. Pumzi hizo zimewadanganya watu wengi wakadhani mgonjwa anapumua, wakakaa kumsubiri azinduke. Shambulio la moyo linaweza kuufanya moyo usimame, lakini si kila shambulio hufika huko, wala si kila moyo uliosimama ulitanguliwa na shambulio.

Mara nyingi, katika dakika za mwanzo, moyo unaosemwa umesimama haujatulia hata kidogo. Vyumba vyake vya chini, yaani ventrikali, hutetemeka ovyo mithili ya wapiga makasia ambao kila mmoja anavuta kwa wakati wake, nguvu zinatumika lakini chombo hakisogei. Umeme wa mashine hauwashi moyo uliozimika, ingawa watu wengi huamini hivyo. Kazi yake ni kuunyamazisha msuli wote kwa pamoja, ili chanzo chake cha asili cha mapigo kipate nafasi ya kuanza upya kwa mpangilio. Kwa sababu hiyo mtu ambaye moyo wake hauna umeme wowote, yule ambaye mstari wake umenyooka, hatibiwi kwa mshtuko. Mashine ikiona hali hiyo hutangaza kwamba mshtuko haushauriwi na kumwamuru mwokoaji aendelee kukandamiza kifua.

Mama mmoja darasani aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli: «Mwalimu, je, nikimshtua mtu ambaye moyo wake haujasimama, si nitamuua?» Swali hilo ndilo linalowazuia watu wengi kunyoosha mkono, na jibu lake ni sifa kubwa ya mashine hizi zote nne. Kitufe cha mshtuko hakitoi chochote mpaka mashine yenyewe iwe imesoma mapigo na kuyakuta ni ya aina inayotibika kwa umeme. Wajibu wa mtumiaji ni kutambua kwamba mgonjwa hana fahamu na hapumui kawaida, kuita msaada, kukandamiza kifua na kubandika kifuani vibandiko vya mashine, vile vinavyosoma mapigo na kupitisha umeme. Hukumu ya mapigo si yake.

Kuhusu muda, takwimu inayojulikana zaidi ni kwamba kila dakika inayopita bila mshtuko na bila kukandamizwa kifua hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kifua kikikandamizwa, upungufu huo huwa mdogo zaidi, takribani asilimia 3 hadi 4 kwa dakika. Utafiti uliofanywa katika kasino za Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha maana ya hesabu hiyo kwa watu halisi. Miongoni mwa walioanguka mbele ya mashahidi wakiwa na mtetemeko wa ventrikali, asilimia 74 ya waliopata mshtuko ndani ya dakika tatu walinusurika, na waliochelewa zaidi ya hapo walionusurika ni asilimia 49. Waliowashtua walikuwa maofisa wa usalama waliofundishwa. Katika vituo vya abiria vya viwanja vya ndege vya Chicago, ripoti ya mwaka 2002 ilieleza kwamba katika kipindi cha miaka miwili watu 18 walipatwa na mtetemeko huo na 11 wakafufuliwa, na mara nyingi walioishika mashine walikuwa wapita njia waliojitolea tu.

Hatukufika hapa kwa siku moja. Mwaka 1947 daktari Claude Beck wa Cleveland alimwokoa kijana wa miaka 14 kwa kuushtua moyo wake moja kwa moja, kifua kikiwa kimepasuliwa kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1956 Paul Zoll, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na kampuni ya ZOLL, alichapisha taarifa za kuushtua moyo kupitia ngozi ya kifua bila kupasua. Mwaka 1960 William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins walieleza jinsi ya kuendesha damu kwa kukandamiza kifua kwa mikono, jambo walilolifikia baada ya kuona kwamba kule kugandamiza elektrodi nzito, yaani vipande vya kupitishia umeme, kifuani mwa mbwa kulipandisha shinikizo la damu hata kabla umeme haujapita. Katikati ya miaka ya 1960, Frank Pantridge wa Belfast aliweka difibrileta kwenye gari la wagonjwa ikiendeshwa kwa betri za gari, na uzito wake ulikuwa takribani kilo 70. Hii 500P niliyo nayo mezani, pamoja na betri na vibandiko vyake, ina kilo 1.1.

FRx ndiyo ninayoitumia kuwafundishia wanaoanza kabisa. Sauti yake haina haraka, na la maana zaidi ni kwamba haimwachi mtumiaji nyuma: husubiri ihisi kwamba kibandiko kimebanduliwa kwenye plastiki yake kabla ya kusogea kwenye hatua inayofuata. Mtu anayetetemeka mikono huhitaji subira ya namna hiyo. Imejengwa kuhimili vumbi na maji kwa kiwango cha IP55, kwa hiyo inafaa kubebwa uwanjani au kwenye gari. Kwa mtoto mdogo hakuna haja ya kubadilisha vibandiko, bali huchomekwa ufunguo maalumu wa watoto unaoteremsha nguvu ya mshtuko kutoka juli (kipimo cha nishati) 150 hadi 50. Huu ni mpango mzuri kwa sharti moja, kwamba ufunguo uwe umefungwa pamoja na mashine, kwa sababu nimewahi kuukuta umehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa katika droo ya ofisi nyingine. Upungufu wake ni kwamba haipimi jinsi unavyokandamiza. Itakuhesabia kasi na kukufundisha ukibonyeza kitufe cha maelekezo, lakini ukikandamiza kwa kina cha sentimita mbili haitajua.

Hapo ndipo AED Plus inapojitenga na nyingine. Kibandiko chake cha watu wazima ni kipande kimoja, chenye alama ya msalaba katikati inayoonyesha mahali pa kuweka kiganja, na chini ya alama hiyo kuna kipima-mwendo kinachosoma kila mkandamizo. Mashine husema ubonyeze kwa nguvu zaidi, na unapofikia kina kinachotakiwa husema umefanya vizuri. Inapasa kukumbuka kwamba miongozo inataka kina cha angalau sentimita tano bila kuzidi sita kwa mtu mzima, na kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Karibu kila mwanafunzi wangu, hata mwenye misuli, huanza kwa kina kidogo kuliko hicho, na baada ya dakika moja na nusu kina hupungua zaidi kwa uchovu bila yeye kujua. Sijaona mwalimu, nikiwamo mimi, anayeweza kumsahihisha mtu mkandamizo kwa mkandamizo kama sauti ile inavyofanya. Kwa faida hiyo naisamehe AED Plus mambo mengi: uzito wake wa kilo 3.1, umbo lake la kizamani, na betri zake kumi za lithiamu za aina ya 123A ambazo zote lazima zibadilishwe kwa pamoja. Kwa mtoto mdogo inahitaji vibandiko vyake vya pekee, na wanaonunua wengi husahau kuviagiza.

500P nayo hutoa ushauri wa kukandamiza, ila kwa njia nyingine. Haina kipima-mwendo, bali husoma mabadiliko ya ukinzani wa umeme kifuani kupitia vibandiko vile vile na kukadiria kama mikandamizo inatosha. Nguvu yake kuu, hata hivyo, ni urahisi wa utunzaji. Betri na vibandiko vimo katika kasha moja linalodumu miaka minne tangu kutengenezwa, kasha lina tarehe moja ya mwisho, na tarehe ikifika hutolewa lote na kuingizwa jipya. Kwa shule au ofisi ndogo isiyo na mtu maalumu wa kuishughulikia mashine, tarehe moja ni bora kuliko mbili. Kasoro ni kwamba kasha la watoto ni jingine, na kulibadilisha wakati wa dharura ni hatua ambayo wanafunzi wangu huifanya kwa kusitasita.

LIFEPAK CR2 ndiyo iliyobuniwa kwa fikra mpya zaidi kati ya hizi. Mashine nyingi hukuamuru uache kukandamiza na usimguse mgonjwa wakati zinasoma mapigo, na sekunde hizo za kungoja damu haiendi kwenye ubongo. CR2 huweza kuuchambua moyo huku mikono ikiendelea kufanya kazi, na husitisha ukandamizaji pale inapolazimu. Ukifungua kifuniko inawaka, ukivuta mpini mwekundu vibandiko vinatoka vikiwa tayari kubanduliwa, na kitufe kimoja huigeuza kuwa ya mtoto bila kubadili vibandiko. Inaweza kuwekewa lugha mbili na kuhama kutoka moja hadi nyingine. Toleo lenye mtandao usiotumia waya humjulisha msimamizi mashine inapokuwa na hitilafu. Darasani, mashine hii ndiyo ambayo watu wasioijua huishika kwa kusita kidogo kuliko zote.

Wauzaji hupenda kushindanisha juli. FRx hubaki kwenye juli 150, 500P huanza na 150 na kuishia 200, AED Plus huanza na 120 na kupanda hadi 200, na CR2 hufika 360. Mnunuzi asiache namba hizo zimwamulie, kwa sababu kila kampuni hutumia umbo lake la wimbi la umeme, na hakuna wimbi lililothibitishwa kuwaokoa watu wengi kuliko wenzake. Kukandamiza kwa dakika mbili mara tu baada ya mshtuko, bila kusimama kutafuta mapigo ya mshipa, kuna uzito mkubwa kuliko tofauti hizo zote.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Katika taasisi moja niliyoalikwa kufundisha, niliomba mashine yao halisi iletwe ili tuikague. Ilikuwa mpya kwa sura, ndani ya kabati la kioo, na taa yake ya kijani ilikuwa ikimweka kama inavyotakiwa. Kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi wa zamu nyingine. Ulipopatikana, tulikuta vibandiko vimepita tarehe yake kwa zaidi ya mwaka na jeli yake imekauka kabisa. Vibandiko vikikauka havishiki ngozi, na visiposhika, mashine haiwezi kusoma wala kushtua. Wenyeji hawakuwa wazembe. Walikuwa wameambiwa na aliyewauzia kwamba maadamu taa ni ya kijani hakuna cha kushughulikia.

Taa ya kijani hueleza kwamba mashine imejipima yenyewe na kuridhika na betri na mitambo yake ya ndani, lakini katika mashine nyingi haiwezi kujua kama jeli bado ina unyevu. Vibandiko vya FRx hudumu takribani miaka miwili, vya AED Plus hadi mitano, vya CR2 na 500P minne, na hesabu hiyo huanza kiwandani, si siku ya kununua. Kwa hiyo mashine iliyokaa ghalani kwa muuzaji inaweza kukufikia ikiwa imebakiwa na nusu ya uhai wa vibandiko vyake. Mimi huomba kuonyeshwa tarehe hiyo kabla ya kuzungumzia malipo. Kabati lisiwe na kufuli, bali king'ora, na liwe mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi kwa mwendo wa haraka ndani ya dakika tatu.

Naulizwa mara nyingi kama inafaa kununua mashine hizi kwa ajili ya nyumbani, ambako ndiko watu wengi zaidi huangukia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 7,001 waliowahi kupata shambulio la moyo, haukuona vifo vikipungua kwa waliopewa mashine nyumbani wakilinganishwa na wale ambao ndugu zao walifundishwa kuita msaada na kukandamiza kifua. Matukio yalikuwa machache, na mengine yalitokea hakuna mtu karibu. Familia yenye fedha za jambo moja tu naishauri ianze na mafunzo ya watu wote wa nyumba. Mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kwamba moyo wake unaweza kusimama tena huhitaji kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa mwilini, kilichowekwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1980 kutokana na kazi ya Michel Mirowski. Mchezaji wa mpira wa miguu Christian Eriksen, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 na kurudishiwa mapigo kwa mikono na difibrileta mbele ya maelfu ya watu, alipandikiziwa kifaa cha aina hiyo na akarudi kucheza.

Kuna pia mashine za kukandamiza kifua, kama LUCAS yenye pistoni inayosukuma kifua mara 102 kwa dakika, na AutoPulse yenye mkanda unaokibana kifua chote. Nimeiona LUCAS ikifanya kazi na haichoki, lakini majaribio makubwa, LINC ya mwaka 2014 na PARAMEDIC ya mwaka 2015, hayakuonyesha kwamba wagonjwa wake hupona zaidi kuliko wanaokandamizwa kwa mikono vizuri. Ina thamani ndani ya gari la wagonjwa linalokimbia, kwenye ngazi nyembamba, au katika safari ndefu ya hospitali, ambako mwokoaji aliyesimama bila kujifunga mkanda anahatarisha maisha yake. Kwa umma haina nafasi.

Ukumbi wa michezo au kituo chenye watoto na watu wazima pamoja ningeuwekea CR2. Kiwandani, au mahali penye timu ya watu waliofundishwa na wanaorudia mazoezi, ningechagua AED Plus bila kusita, kwa sababu ya kile kipima-mwendo. Ofisi ndogo na shule isiyo na mtunzaji ningeipa 500P, na kasha la watoto lingeagizwa siku hiyo hiyo. FRx ingebaki ya msafara, ya mwalimu wa michezo na ya boti, ufunguo wake wa watoto ukiwa umefungwa kwa kamba kwenye mpini. Na ndani ya mfuko wa yoyote kati ya hizo ningeweka mkasi wa kukata nguo, wembe wa kunyolea kifua chenye nywele nyingi na taulo ya kukaushia maji, kwa kuwa katika mazoezi yangu vitu hivyo vitatu ndivyo hutafutwa kwa muda mrefu zaidi na kukosekana.